Kinyesi cha punda Lamu: Azoe nani, na kimfae nani?

ASUBUHI na mapema katika mji wa kale wa Lamu, kabla maduka ya Usita wa Mui hayajafunguliwa, alama za kazi ya jana huwa zimetapakaa chini. Ni kinyesi cha punda, kingine kibichi, kingine kimekwisha kukanyagwa na kuwa unga.

Mwenye viatu hukiruka. Mwenye kanzu hupandisha kanzu. Mwenye duka hutoka na ufagio na ndoo ya maji, akakisukuma hadi kwenye mtaro ulio mbele ya jirani, na jirani naye akifungua hukisukuma mbele zaidi. Mwisho wa safari ni baharini.

Swali ambalo limezunguka katika vichochoro hivyo kwa miaka mingi ni jepesi kuuliza lakini gumu kujibu: Anayempitisha punda kwenye njia ya watu wote, je, anapaswa kuteremka na kuzoa alichoacha mnyama wake?

Kwa mwenye duka jibu ni ndiyo, bila maelezo. Kwa mchukuzi anayelipwa kwa safari, jibu ni kicheko. Lakini kuna mtu wa tatu ambaye hajaulizwa, naye ni mkulima. Mashamba ya minazi na miembe yaliyo nyuma ya mji yamekaa juu ya mchanga usioshika maji wala rutuba, na kitu kinachosukumwa mtaroni kila asubuhi ndicho hasa mchanga huo unachokosa.

Idadi ya punda kisiwani Lamu hutajwa kuwa takriban 3,000. Farasi wa kilo 450 hutoa kinyesi na mkojo wa kilo 20 hivi au zaidi kwa siku. Punda wa pwani ni mdogo, wengi wao hawazidi sana kilo 120 au 150, kwa hivyo kwa kufuata uzito wake mtu anaweza kukadiria kilo 6 kwa kila mmoja.

Kwa punda 3,000 hizo ni tani 18 kila uchao. Hata hesabu hiyo ikikatwa nusu, kwa kuwa si punda wote wanaolala mjini na mkojo hauzoleki, bado zinabaki tani 9 kwa siku, yaani zaidi ya tani 3,000 kwa mwaka. Hayo ni makadirio tu, lakini yanatosha kuonyesha kwamba jambo hili si la ufagio mmoja.

Ni vyema kukumbuka kwamba punda wa Lamu si pambo la watalii. Mji huo, ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2001, ulijengwa kabla ya gari kufikiriwa. Vichochoro vyake vingi ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili waliobeba shogi wakikutana, mmoja hulazimika kurudi nyuma.

Mawe ya matumbawe, mchanga, saruji, boriti, nazi, mitungi ya gesi na vifusi vya nyumba inayokarabatiwa, vyote hupita mgongoni mwa punda. Nyumba ya kale haiwezi kutengenezwa bila yeye. Umuhimu huo ndio uliolifanya shirika moja la Uingereza la kutunza punda kufungua kituo mjini humo mwaka wa 1987, ambako wanyama hao hutibiwa bila malipo.

Kwa hivyo anayedai punda waondolewe ili mji uwe safi huenda hajafikiria nani atambebea mchanga.

Malalamiko ya wenyeji, hata hivyo, si ya mzaha. Kinyesi kikiachwa kwenye joto la pwani huwa kitalu cha nzi. Yai la nzi wa nyumbani linaweza kuwa nzi kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10, na nzi huyo akitoka kwenye kinyesi hatui msikitini pekee, hutua pia kwenye sahani ya mkate wa mofa na kwenye jicho la mtoto.

Kuna pia pepopunda. Vijidudu vya maradhi hayo huishi ardhini na pia katika matumbo ya farasi na punda bila kuwadhuru, na jina la Kiswahili la ugonjwa huo lenyewe limembeba mnyama huyu. Mtoto anayetembea pekupeku na mwenye kidonda mguuni ndiye aliye hatarini, hasa ikiwa hajachanjwa.

Kisha kuna suala la tohara. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, kinyesi cha mnyama ni najisi. Wanazuoni husamehe tope kidogo la njiani ambalo mtu hana njia ya kuliepuka, lakini msamaha huo haumwondolei mtu karaha ya kufika mlangoni pa msikiti akiwa amekanyaga.

Wachukuzi nao wana hoja. Wengi wanaoonekana wamekaa juu ya punda si wenye punda. Ni vijana walioajiriwa, ambao hulipwa kulingana na idadi ya safari, na tajiri huchukua sehemu yake. Kijana akisimama kila mnyama anaposimama, atapoteza safari mbili tatu kwa siku.

Tena kusimama kwenyewe kuna hatari. Msururu wa punda watano waliobeba mawe kwenye njia ya upana wa mita moja na nusu hausimamishwi ovyo. Wa nyuma humsukuma wa mbele, mzigo hukwaruza ukuta, na mpita njia hubanwa kwenye daka la nyumba ya watu.

Hoja hiyo ya wachukuzi ina uzito, ingawa wengi wao huitumia pia kuficha uvivu. Punda anayefungwa nje ya duka la mwenyewe kwa saa mbili hayuko katika msururu wowote, na kinyesi chake hakina kisingizio.

Jambo jingine ambalo wanaotaka sheria kali husahau ni kwamba sehemu kubwa ya kinyesi hicho huachwa na punda ambao hawana mtu juu yao. Kazi ikiisha, wenye punda wengi huwafungua wakajitafutie chakula. Usiku mzima wanyama hao huzurura vichochoroni wakila maganda, mabaki ya wali na hata maboksi. Kabla ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 28, 2017, mifuko hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaletea msokoto wa tumbo na kuwaua.

Kinyesi cha usiku hakina mpandaji wa kumlaumu. Kina mwenye punda pekee.

Lamu si mji wa kwanza kuhangaika. Mwaka wa 2007, lililokuwa baraza la mji wa Limuru liliamuru wenye punda wa mikokoteni wawavishe wanyama wao nepi ili barabara zibaki safi. Habari hiyo ilivuka mipaka na kuchekwa ulimwenguni, na wenye punda wakaona wanatwikwa gharama ambayo wenye magari yanayofuka moshi hawatwikwi.

Lakini kilichochekwa Limuru ni jambo la kawaida kwingineko. Jijini Vienna, Austria, magari ya farasi yanayobeba watalii yametakiwa na sheria tangu 2004 kuwa na mfuko wa kudaka kinyesi nyuma ya farasi. Katika mji wa Charleston, Marekani, farasi na nyumbu wa watalii huvaa nepi, na mnyama akikojoa dereva hudondosha alama mahali hapo ili gari la maji lije kupaosha.

Siri ya miji hiyo ni kwamba mnyama amefungwa kwenye gari. Mfuko huninginizwa kati ya miti miwili ya kukokotea na mkia, hausogei, na mnyama hana habari nao. Punda wa Lamu habuburi mkokoteni. Hubeba shogi mgongoni, hupanda ngazi, hujibanza ukutani. Mfuko uliofungwa kwa kamba chini ya mkia wake utamchubua mapajani kabla ya wiki kwisha, na kidonda cha punda ni hasara ya mwenyewe kwa siku nyingi. Anayetaka kuleta nepi Lamu kwanza azijaribu kwa punda wake mwenyewe.

Uingereza nako, ambako kupanda farasi ni burudani ya wengi, mjadala haujaisha. Mwenye mbwa asiyezoa kinyesi cha mbwa wake mahali pa umma anaweza kutozwa faini, lakini mpanda farasi hatakiwi hivyo katika njia za mashambani. Wanaowatetea wapanda farasi husema kinyesi cha mnyama anayekula majani huoza haraka na hakina hatari kama ya mbwa. Wanaotembea kwa miguu na waendeshao baiskeli hujibu kwamba kinyesi ni kinyesi. Vyama vya wapanda farasi vyenyewe huwashauri wanachama wao warudi kukiondoa mbele ya nyumba za watu na mahali penye msongamano, kwa sababu ya uungwana.

Hapo ndipo penye ufunguo wa suala hili. Kinyesi kilichoangukia kwenye udongo wa njia ya shambani huchukuliwa na mavimavi, mchwa na mvua, na baada ya muda mfupi hakionekani. Kikiangukia juu ya saruji au mawe ya kichochoro, hakuna mdudu wa kukizika. Hukaa pale, hukanyagwa, hukauka na kupeperuka, ama huingia mtaroni. Njia ya Shela inayopita ufuoni na njia za minazini zinaweza kusamehewa. Usita wa Mui hauwezi.

Wajibu, kwa hivyo, upo. Kinachobaki ni kuamua uwe wa nani. Kumbebesha kijana wa safari peke yake ni kumwonea mnyonge, maana yeye huenda na kurudi na mali ya mtu mwingine. Haki zaidi ni kumwendea mwenye punda, ambaye ndiye anayefaidi wakati wa kazi na ndiye anayemfungua mnyama usiku.

Aidha, serikali ya kaunti haiwezi kujitoa. Katiba ya mwaka wa 2010 inazikabidhi kaunti uondoaji wa taka pamoja na udhibiti na ustawi wa wanyama. Nayo sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka wa 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zile zisizooza. Kinyesi cha punda kinachozolewa asubuhi pamoja na chupa na matambara, kisha kikatupwa jaani, ni sheria kuvunjwa na mali kupotezwa kwa mkupuo mmoja.

Mali hiyo ni kiasi gani? Hapa wakulima hawana budi kupiga hesabu bila kujidanganya.

Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN una asilimia 26 ya naitrojeni, yaani kilo 13. Samadi ya farasi au punda ina naitrojeni ya takriban asilimia 0.6. Kupata kilo hizo 13, mkulima anahitaji zaidi ya tani 2 za samadi. Tangu 2023, serikali imekuwa ikiuza mfuko wa mbolea ya ruzuku kwa Sh2,500. Kwa kutazama naitrojeni pekee, basi, tani nzima ya samadi ya punda haifiki thamani ya Sh1,250, na hiyo ni kabla ya kuibeba.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowakatisha tamaa wengi waliotaka kufanya biashara ya samadi. Lakini inaacha jambo moja nje. Mbolea ya dukani ikimwagwa kwenye mchanga wa Lamu, mvua kubwa moja huishusha chini isikofikiwa na mizizi. Samadi iliyoiva huufanya mchanga ushike maji na pia ushike mbolea hiyo hiyo ya dukani. Mkulima wa mchicha, bamia, mipapai au miche ya minazi kisiwani hanunui naitrojeni tu, ananunua udongo.

Isitoshe, mwaka wa 2022 bei ya mbolea ilipopanda kupita Sh6,000 kwa mfuko madukani, aliyekuwa na lundo lake la samadi hakupanga foleni.

Kuna kizuizi ambacho wageni hawakioni. Katika madhehebu ya Shafi, kitu kilicho najisi hakiuzwi, ingawa kinaruhusiwa kutumika kurutubisha ardhi. Wanazuoni walilitatua hilo zamani: mwenye samadi huondoa mkono wake juu yake naye hupewa malipo kwa kuiachilia, wala hayahesabiwi kuwa bei. Kadhalika mzoaji hulipwa ujira wa kuzoa na kubeba. Kikundi cha vijana kinachotaka kuingia katika kazi hii Lamu kingefanya vyema kuandika risiti zake kwa jina la ujira wa kubeba, ili mzee asikatae kutoa pesa wala kijana asikatae kupokea.

Kwa wenye nia, kazi yenyewe haina utaalamu mkubwa lakini ina masharti.

La kwanza ni kuzoa angalau mara mbili kwa wiki katika kila mtaa, kabla mayai ya nzi hayajakomaa, na katika njia kuu kila siku. Koleo, ufagio wa makuti, gunia na viatu vya mpira vinatosha. Mzoaji awe amechanjwa pepopunda na asishike kwa mkono mtupu.

Kinyesi kibichi kisipelekwe moja kwa moja kwenye mboga. Punda si mnyama wa kucheua, tumbo lake halisagi chakula kama la ng'ombe, kwa hivyo mbegu nyingi za magugu hupita zikiwa nzima. Mkulima anayemwaga kinyesi kibichi hupanda magugu kwa mkono wake. Kwa mboga zinazoliwa mbichi, samadi ambayo haijaiva iwe imeingia ardhini siku 120 kabla ya kuvuna.

Lundo liwe na upana na kimo kisichopungua mita 1, maana dogo halipati joto. Kinyesi cha punda kina uwiano mzuri wa kaboni na naitrojeni, kwa hivyo hakihitaji kuchanganywa sana. Majani makavu kidogo au makuti yaliyokatwakatwa yanatosha kulifanya lipumue. Unyevu hupimwa kwa kukamua konzi moja: yakitoka matone mawili matatu ni sawa, yakitiririka ni mengi.

Baada ya siku chache fimbo ikichomekwa katikati na kuchomolewa, inafaa iwe ya moto kiasi cha kushindwa kuishika kwa muda. Joto la nyuzi 55 na zaidi ndilo linaloua mbegu za magugu na mayai ya minyoo. Lundo ligeuzwe kila wiki ili sehemu za nje nazo zipite katikati. Kwa hali ya hewa ya pwani huiva kwa miezi miwili hadi mitatu, ikawa nyeusi, isiyo na harufu ya zizi.

Punda aliyepewa dawa ya minyoo ya aina ya ivermectin, kinyesi chake cha wiki za mwanzo huua mavimavi na wadudu wengine wa manufaa, kwa hivyo kisimwagwe kibichi shambani. Na muhimu kuliko yote kwa kisiwa hicho, lundo lisiwekwe kwenye matuta ya mchanga ya Shela wala karibu na kisima. Maji matamu ya mji hutoka chini ya matuta hayo, na mchanga hauchuji mkojo ulio mwingi.

Anayesema kazi hii haitamlipa mtu huenda ana haki ikiwa samadi itabebwa kwa chombo cha kukodi. Safari ya peke yake ya kupeleka shogi moja ya kilo 50 au 60 shambani haina faida. Lakini punda anayeshusha nazi, maembe na kuni mjini asubuhi hurudi shambani mgongo mtupu. Mzigo wa kurudi ndio ambao hautozwi bei kamili, na ndio unaofanya tani 2 za samadi ziweze kufika minazini bila kumfilisi mkulima.

Hilo linahitaji vituo vitatu vinne pembezoni mwa mji ambako magunia yaliyozolewa yatakuwa yakisubiri. Linahitaji pia ada ndogo kutoka kwa kila mwenye punda, ambayo itawalipa wazoaji, na pasi na shaka wenye punda watailalamikia. Njia nafuu kwao ni kumwachia kila mwenye punda uchaguzi: ama alipe ada, ama amfunge mnyama wake usiku kwenye zizi na kuleta magunia yake mwenyewe kituoni. Punda aliyefungwa usiku na kulishwa nyasi hali taka, na kinyesi chake hakina vipande vya kamba na nailoni.

Ada hiyo ikiwa kubwa mno, kuna anayeisubiri kwa hamu. Bodaboda zimekwisha kuingia kisiwani, na ingawa hazitakiwi ndani ya mji wa kale, kila mwaka huonekana zikisogea karibu zaidi na vichochoro vyake. Pikipiki haitoi kinyesi. Hutoa moshi, makelele na ajali, na mji usio na magari ndio unaowaleta wageni wanaolala katika nyumba zile za matumbawe na kuwalipa mafundi wanaozikarabati.

Jijini New York mwishoni mwa karne ya 19, farasi walizidi 100,000 na samadi ikawa nyingi kuliko mashamba ya jirani yalivyoweza kuichukua, hata bei yake ikaanguka. Jiji hilo halikupata suluhisho la kinyesi. Lilipata gari, na farasi wakaondoka.

Lamu haijafika huko, kwani mashamba yake bado yana njaa. Kwa sasa ndoo ya maji ya mwenye duka inaendelea na kazi yake kila asubuhi, na mtaro unapeleka baharini samadi ambayo mkulima wa nyuma ya mji, umbali wa nusu saa kwa punda, hajawahi kupelekewa hata gunia moja.